Je, ni maombolezo ikiwa jina lilikuja baada ya muziki?

Msikivu ameuliza:

Nawasalimu wote. Naomba msaada wa kulielewa jambo moja kuhusu muziki wa nyuzi wa avangadi, yaani ule wa majaribio unaovunja kanuni zilizozoeleka, hasa ule unaosemekana kuwa ulitungwa kuwalilia watu waliouawa vitani. Kazi inayotajwa kwanza kila mjadala huu unapozuka ni ile ya Krzysztof Penderecki wa Poland, Maombolezo kwa Wahanga wa Hiroshima, iliyotungwa mwaka 1960 kwa ajili ya vyombo 52 vya nyuzi. Niliisikiliza kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nalijua jina lake, na kama wasikilizaji wengi nilisikia kila kitu ambacho jina lile lilinitaka nisikie: ving'ora, ndege inayokaribia, mlipuko, vilio, kisha moshi unaotanda na kufifia.

Baadaye nikasoma kwamba muziki huo haukuwa na uhusiano wowote na Hiroshima ulipokuwa ukiandikwa. Jina lake la awali lilikuwa 8'37", yaani dakika nane na sekunde thelathini na saba, ambao ndio muda uliokadiriwa kutosha kuupiga. Hiroshima iliingia wakati nota ya mwisho imekwisha kuandikwa.

Swali langu basi ni hili: je, tuna haki ya kuihesabu kazi hii kuwa jibu la mtunzi kwa maafa ya vita, au ni zoezi la ufundi lililopewa jina zito ili lisikilizwe kwa adabu? Na kama ni zoezi, je, zipo kazi nyingine za nyuzi za namna hii ambamo vita vilikuwamo tangu mwanzo? Sihoji ubora wa muziki wenyewe, ambao hadi leo unanitikisa. Ninachohoji ni uhalali wa kuuita kilio. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kwa sababu ya bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti, na sidhani kwamba kumbukumbu yao ni kitu cha kuazimwa na kila anayehitaji kichwa cha habari.

Mpiga Viola amejibu:

Ndugu Msikivu, habari uliyoisoma ni ya kweli, lakini imekatwa mahali pabaya, kwa sababu inaruka kile kilichotokea kati ya jina la kwanza na la pili. Penderecki aliiwasilisha kazi hiyo katika shindano la watunzi la Grzegorz Fitelberg huko Katowice mwaka 1960, ikapata tuzo ya tatu. Mwezi Mei 1961 ilipigwa na okestra ya redio ya Poland ikiongozwa na Jan Krenz, na mwaka huohuo ikatunukiwa jijini Paris katika baraza la kimataifa la watunzi lililokuwa chini ya UNESCO. Mtunzi mwenyewe alieleza baadaye kwamba hadi alipousikia muziki ule ukipigwa na watu, ulikuwa bado ni kitu cha kufikirika tu, na kwamba uzito wa hisia uliotoka katika vyombo ulimshtua. Akaanza kutafuta ni kitu gani kingeweza kubeba uzito huo, na mwishowe akaitoa kazi kwa wahanga wa Hiroshima. Mwaka 1964 alimwandikia meya wa jiji hilo akieleza imani yake kwamba kafara ya Hiroshima haitasahaulika kamwe. Kwa hiyo jina halikutangulia muziki, ni kweli, lakini pia halikuokotwa kwenye kamusi ya maafa. Lilitokana na kusikiliza, na aliyesikiliza wa kwanza alikuwa mtunzi.

Ningependa pia kueleza jambo ambalo halionekani kwa urahisi kwa mtu anayesikiliza bila kuyaona maandishi ya muziki wenyewe. Vyombo ni fidla 24, viola 10, chelo 10 na besi kubwa 8. Katika okestra ya kawaida fidla za kwanza hupiga mstari mmoja kwa pamoja, zikawa kama sauti moja nene. Hapa sivyo: kuna mahali ambapo kila mpigaji ana mstari wake, na hata hivyo hakuna hata mmoja anayesikika peke yake. Maandishi hayagawanywi kwa mapigo bali kwa vipande vya muda, na sekunde zake zimeandikwa chini ya ukurasa. Mwanzoni kuna alama ya pembetatu nyeusi inayomaanisha "piga nota ya juu kabisa ambayo chombo chako kinaweza kutoa", na nota hiyo haina jina, kwa sababu yangu si sawa na ya jirani yangu, na ya leo huenda isiwe ya kesho. Mtunzi hakuandika sauti; aliandika mpaka, akawaamuru watu 52 waende wakasimame mpakani.

Baada ya hapo tunapiga upinde upande usio wake, kwenye kile kipande kifupi cha nyuzi kilicho nyuma ya kidaraja. Tunagonga ubao wa chombo kwa vidole. Tunatetemesha nota polepole na kwa upana hadi inapoteza umbo. Kisha huja yale matabaka mapana, yaliyochorwa kwenye karatasi kama mikanda myeusi inayopanuka na kusinyaa, ambapo kila mpigaji hushika robo-toni, yaani nusu ya hatua ndogo kabisa kati ya vibonye viwili vya piano, iliyo jirani na ya mwenzake. Mwishoni kabisa vyombo vyote 52 hujaza nafasi moja kwa robo-toni zilizopangwa bega kwa bega, kwa nguvu kubwa, halafu sauti hiyo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa muda wa takriban nusu dakika hadi isisikike tena. Kupunguza sauti kwa mkono mmoja wa upinde, polepole kiasi hicho, bila kutikisika, ni kazi ngumu kuliko kelele zote zilizotangulia.

Kitu ambacho watu wengi hawakitarajii ni kwamba katikati ya kazi hiyo ipo kanoni ya sauti 36, yaani muundo ambamo sauti huigana kwa zamu, moja ikitangulia na nyingine zikifuata, iliyogawanywa katika okestra tatu ndogo za watu 12 kila moja, iliyopangwa kwa ukali unaokaribia ule wa watunzi wa zamani wa muziki wa kanisani. Hakuna anayelia anavyojisikia. Ukisikia fujo, jua kwamba ni fujo iliyohesabiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali lako. Muziki ambao ndani yake kila mtu ni mtu mmoja kamili, mwenye njia yake mwenyewe, na ambao sikio haliwezi kumtofautisha yeyote katika umati, ulikuwa tayari unazungumzia vifo vya halaiki kabla mtunzi hajaamua ni halaiki ipi.

Mdadisi amejibu:

Nimeyasoma maelezo ya Mpiga Viola kwa faida kubwa, na kuhusu ufundi sina la kubisha. Hitimisho lake ndilo silikubali. Kusema kwamba muziki "ulikuwa tayari unazungumzia" jambo ambalo mtunzi hakulifikiria ni kumpa mtunzi sifa kwa kazi iliyofanywa na msikilizaji.

Tukumbuke mahali na wakati. Kuanzia mwaka 1949 watunzi wa Poland walitakiwa kufuata uhalisia wa kijamaa, yaani muziki unaoeleweka na watu wote na unaotumikia malengo ya dola. Baada ya mabadiliko ya kisiasa ya mwaka 1956 kamba ililegezwa, tamasha la Vuli ya Warszawa likaanzishwa mwaka huohuo, na mwaka 1957 redio ya taifa ikafungua studio ya majaribio ambamo Penderecki naye alifanya kazi. Lakini kulegezwa si kukatwa. Kazi inayoitwa kwa dakika na sekunde, isiyo na melodia wala ujumbe, ilikuwa rahisi kushutumiwa kuwa ni mchezo mtupu wa maumbo. Kazi ileile ikiwalilia watu waliouawa kwa bomu la Marekani haikuwa na wa kuishutumu: Mashariki iliipokea kama shutuma dhidi ya adui, na Magharibi ikaipokea kama dhamiri ya ulimwengu. Sisemi kwamba Penderecki alipiga hesabu hizo. Nasema kwamba jina lilifanya kazi hiyo, liwe lilichaguliwa kwa moyo safi au la.

Hoja yangu ya pili ni ya kimuziki zaidi. Mwaka 1961 mtunzi huyohuyo aliandika Polymorphia, ya vyombo 48 vya nyuzi, kwa lugha ileile: matabaka, mitelezo ya kutoka nota moja hadi nyingine bila kukatika, kugonga mbao. Haimlilii mtu yeyote, na inamalizika kwa kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) safi ya C kubwa ambayo kila mwanafunzi wa piano anaifahamu. Baadaye muziki huo ulitumiwa katika filamu za kutisha, ikiwemo The Shining ya mwaka 1980. Ikiwa sauti za aina moja zinaweza kuomboleza jiji zima katika kazi moja na kumtisha mtazamaji wa sinema katika nyingine, basi sauti zenyewe haziombolezi wala hazitishi. Ni jina linaloomboleza. Na mwaka 2017 mduara ulijifunga kwa namna ya ajabu, pale Maombolezo yenyewe yalipowekwa chini ya picha za mlipuko wa kwanza wa nyuklia, ule wa majaribio wa Julai 1945 huko New Mexico, katika sehemu ya nane ya msimu mpya wa tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks. Nakiri kwamba yalikaa vizuri mno. Lakini yalikaa vizuri kwa sababu miaka zaidi ya 50 ya jina lile ilikwisha kutufundisha namna ya kuyasikia.

Mwisho, naomba tuulize kwa nini tukizungumzia Hiroshima katika muziki tunaanzia Poland. Masao Ohki wa Japani aliandika simfonia yake ya tano, iitwayo Hiroshima, mwaka 1953, akifuata michoro mikubwa ya Iri na Toshi Maruki, wachoraji wawili walioingia katika jiji lile siku chache baada ya bomu. Ni kazi ya okestra kamili, si ya nyuzi peke yake, kwa hiyo labda haimo ndani ya swali la Msikivu, lakini ilitangulia kwa miaka saba na haikuhitaji kubadilishwa jina. Toshio Hosokawa, aliyezaliwa Hiroshima kwenyewe mwaka 1955, naye aliandika kazi ndefu ya sauti na okestra kuhusu jiji lake. Majina hayo ni nadra kuyasikia katika mijadala kama huu.

Nyuzi Nne amejibu:

Nadhani Msikivu aliuliza maswali mawili, na la pili halijaguswa bado: je, ipo kazi ambayo vita vilikuwamo ndani yake tangu mwanzo? Naomba nilete mbili, zote za kwateti ya nyuzi, maana fidla mbili, viola na chelo zinaweza kufanya mambo ambayo umati wa vyombo 52 hauwezi.

Ya kwanza ni Black Angels, yaani Malaika Weusi, ya George Crumb wa Marekani. Mtunzi aliitia saini kwa tarehe: Ijumaa ya tarehe 13 Machi 1970, na akaandika kwa Kilatini kwamba iliandikwa wakati wa vita. Vita hivyo ni vya Vietnam. Vyombo vyote vinne hukuzwa kwa umeme, na mtunzi anataka mahali fulani sauti ifike kwenye ukingo wa kuumiza masikio. Kazi ina sehemu 13, na tatu kati ya hizo, yaani ya kwanza, ya saba na ya mwisho, zimeitwa maombolezo. Ya kwanza ina kichwa kinachozungumzia usiku wa wadudu wa umeme, na wengi husikia humo helikopta za kivita, ingawa mtunzi hakuandika neno helikopta popote. Wapigaji hawapigi nyuzi tu: huburuta upinde kwenye bilauri za kioo zenye maji, hugonga matari makubwa ya shaba, huvaa vitondoo vya kushonea vidoleni, hunong'ona na kupaza sauti. Namba 7 na 13 zimefumwa kila mahali katika muundo wake, na wapigaji wenyewe huzihesabu kwa sauti kama watu walio katika tambiko, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungaria, Kijapani na Kiswahili. Wengi wetu hatujui kwamba lugha yetu imo katika mojawapo ya kazi maarufu zaidi za kwateti za karne iliyopita. Sitaki kulifanya jambo hilo kubwa kuliko lilivyo, kwa kuwa Kiswahili kimo kama sauti miongoni mwa sauti, lakini lilinifurahisha.

Kinachonivutia zaidi ni namna Crumb anavyotumia muziki wa zamani. Katikati ya makelele yale, wapigaji hushika fidla zao kama vyombo vya karne ya 16 na kupitisha upinde upande usio wa kawaida, juu ya vidole vyao, na ghafla unasikia wimbo wa Schubert, mtunzi wa karne ya 19, kuhusu mauti na msichana, ukiwa mwembamba na wa mbali, kana kwamba unapigwa na marehemu wenyewe. Mahali pengine inatajwa Dies irae, ile melodia ya kale ya misa ya wafu. Penderecki alivunja kila uhusiano na nyuzi za zamani ili apate sauti mpya. Crumb aliziacha nyuzi za zamani zionekane kupitia ufa, na kwangu mimi huzuni iko humo ufani, maana ili uomboleze kitu ni lazima kwanza tukumbushwe kwamba kilikuwapo.

Hata hivyo, kwa uaminifu, Mdadisi atafurahi kusikia kwamba Crumb naye hakuanza kwa kusema "sasa naandika kuhusu Vietnam". Alieleza kwamba mambo ya kutisha yalikuwa hewani siku zile, yakapenya yenyewe ndani ya kazi, na kwamba aliyatambua akiwa tayari anaandika. Vita havikuwa agizo. Ilikuwa ni hali ya hewa.

Ya pili ni Different Trains, yaani Treni Tofauti, ya Steve Reich wa Marekani, ya mwaka 1988, na hii ndiyo inayolijibu swali lako bila kukwepa. Kati ya mwaka 1939 na 1942 Reich, akiwa mtoto wa wazazi waliotengana, alisafirishwa kwa treni mara kwa mara kati ya New York na Los Angeles. Alipokua alitambua kwamba kama angekuwa Ulaya katika miaka ileile, yeye akiwa Myahudi, angepandishwa treni nyingine kabisa. Akakusanya sauti za watu: mlezi wake aliyesafiri naye, mzee aliyekuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala, na manusura wa mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Akakata vipande vifupi vya maneno yao, akaandika kwa nota mpando na mshuko wa usemi wao, na kwateti huiga usemi huo, viola ikiwafuata wanawake na chelo ikiwafuata wanaume, huku miluzi ya treni na ving'ora vikipita nyuma. Humu hakuna mashaka yoyote kuhusu nani analiliwa. Wanazungumza wenyewe. Kama kuna mtu atasema kwamba Reich si avangadi kwa maana ile ya Penderecki, nitakubali, lakini sidhani kama hilo linabadilisha jibu.

Msikivu ameandika:

Nawashukuru nyote, na nimesikiliza zote mbili alizozitaja Nyuzi Nne. Sasa nimebaki na ugumu mpya. Katika kazi ya Reich, sauti ya manusura inakatwa, inarudiwa, inageuzwa kuwa mdundo. Mtu anayesimulia jambo baya kuliko yote yaliyompata anafanywa kuwa melodia ya chelo. Kwa Penderecki niliogopa kwamba wafu wamewekwa mbali mno na muziki. Kwa Reich naogopa kwamba wamesogezwa karibu mno. Je, wapigaji huliona tatizo hili, au ni wasiwasi wa msikilizaji tu?

Mpiga Viola amejibu:

Tunaliona. Ninapopiga sehemu ya pili ya Different Trains, viola yangu ina kazi ya kumwandama mwanamke anayezungumza, na ninapaswa kuipata sauti yake kwa usahihi hata pale inapopanda kidogo nje ya nota iliyoandikwa. Huwezi kufanya hivyo bila kumsikiliza kwa makini kuliko unavyowasikiliza watu wengi unaoishi nao. Kwangu huko si kumnyang'anya sauti. Lakini sitabishana na manusura atakayesema kwamba hataki maneno yake yakatwe, na ninafurahi kwamba kazi hiyo inatumia vipande vifupi, vya maneno ya kawaida: majina ya miji, miaka, mambo ya shuleni. Haitumii vilio. Ingelitumia vilio, nisingeipiga.

Kwa Mdadisi nina jambo moja, nalo ni mtunzi Iannis Xenakis. Alikuwa kijana katika upinzani wa Wagiriki dhidi ya uvamizi wa Wajerumani, na katika mapigano ya Athens yaliyoanza Desemba 1944 kombora la kifaru cha Waingereza lilimjeruhi uso na kumpofusha jicho la kushoto. Miaka michache baadaye, akiwa mkimbizi Ufaransa, aliandika Metastaseis, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Donaueschingen, Ujerumani, mwaka 1955: vyombo 61, na 46 kati ya hivyo ni vya nyuzi, kila kimoja kikiwa na mstari wake, vikianza wote kwenye nota moja na kutawanyika kwa mitelezo mirefu hadi kujaza anga lote la sauti. Penderecki aliikuta njia hiyo ikiwa imekwisha kufyekwa. Katika maandishi yake kuhusu nadharia ya muziki, Xenakis anaeleza maandamano: maelfu ya watu wanaimba kauli moja kwa mdundo mmoja, kisha wanakutana na adui, bunduki zinafyatuka, mdundo unavunjika, sauti zinatapakaa, halafu kimya. Anaueleza umati huo kama mtaalamu wa takwimu, kwa sababu alitaka kujua ni kanuni gani inayotawala mpangilio unapogeuka kuwa vurugu. Jina la kazi halitaji vita wala Athens wala wafu.

Sasa nakuuliza, Mdadisi: ikiwa jina ndilo linaloomboleza, hapa hakuna maombolezo, ilhali mtunzi aliandika akiwa na jicho moja kutokana na jambo hilohilo. Tuna kazi yenye jina la vita ambamo vita havikupangwa, na kazi isiyo na jina la vita iliyoandikwa na mtu aliyevibeba usoni. Sioni namna ya kuzipima zote mbili kwa kipimo cha jina.

Mdadisi amejibu:

Mfano wa Xenakis umenibana, nakubali, ingawa si kwa upande unaoufikiria. Unaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na haki zote za kuomboleza na bado akakataa kufanya hivyo hadharani, na kukataa huko nakuheshimu kuliko kazi yoyote iliyowekwa wakfu kwa wafu. Kuhusu Penderecki, nitaongeza jambo linalomtetea, ili nisionekane kuwa na kinyongo naye: mwaka 1967 kazi yake Dies Irae, aliyoiandika kwa makusudi kuwakumbuka waliouawa Auschwitz, ilipigwa kambini humohumo wakati wa kuzinduliwa kwa mnara wa kumbukumbu. Huyo ni mtu aliyezaliwa mwaka 1933 na kukulia Dębica, katika Poland iliyokaliwa na Wanazi. Hakukosa maafa ya kwake ya kuomboleza, na pengine ndiyo sababu zaidi ya kujiuliza kwa nini muziki ule wa 1960 ulitafutiwa wafu wa mbali.

Msimamo wangu unabaki kwenye jambo dogo la kiutendaji. Vitini vya tamasha vinavyogawiwa kwa wasikilizaji vichapishe majina yote mawili, 8'37" na Maombolezo, kwa mpangilio wa miaka yao, na vieleze kwa sentensi mbili jinsi moja lilivyozaa lingine. Atakayesikia ving'ora asikie. Atakayesikia kanoni ya sauti 36 asikie pia.

Mpiga Viola amejibu:

Hilo naliunga mkono. Kwa Msikivu, kama utapenda kulijaribu suala hili mwenyewe, sikiliza Metastaseis kwanza, halafu Maombolezo siku hiyohiyo, na usisome chochote kuhusu Maombolezo isipokuwa orodha ya vyombo. Zingatia nusu dakika ya mwisho, vyombo vyote 52 vikiwa pamoja. Vipaza sauti vidogo vya simu huipoteza sehemu hiyo karibu yote, hivyo tumia spika nzuri au vya masikioni.